Vyoo Vipo, Ruhusa Ndiyo Hakuna

Mtu mwenye ugonjwa wa utumbo akilalamika kwamba mjini hakuna pa kujisaidia, jibu analopewa ni lile lile. Atalipata kwa shangazi yake, kwa bosi wake, kwa konda wa basi, hata kwa daktari kijana aliyemaliza chuo juzi: mtu mzima hujiandaa kabla ya kutoka nyumbani. Linasemwa kwa upole, kama nasaha. Nyuma yake hufuata jibu la pili, la mwenye duka na mwenye mgahawa: choo hiki nimekijenga kwa pesa yangu, ni cha wateja na wafanyakazi wangu, anayetaka choo cha umma akaidai serikali. Majibu haya yamezoeleka hadi yamekuwa kama busara za wazee, na anayeyapinga huonekana mtu wa kudekezwa.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, naishi na kolaitisi ya vidonda, na nayapinga yote mawili. La kwanza halielewi mwili unavyofanya kazi. La pili linajifanya kulinda mali wakati linaficha jambo lililo wazi kwa kila anayetembea mjini: vyoo tunavyo. Tumevifunga.

Nianze na mwili. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, rektamu, kwa mtu mwenye afya hutanuka kadiri inavyojaa. Kutanuka huko ndiko kunakompa mtu nafasi ya kusema ngoja nimalize kikao, ngoja nifike nyumbani. Kolaitisi ya vidonda huanzia hapo hapo kwenye rektamu na kupanda juu. Ukuta wa ndani huvimba, hutoa ute na damu, hukakamaa na kupoteza uwezo wa kutanuka. Kitu kidogo kikifika, hata hewa tu, ubongo hupokea taarifa kwamba pamejaa. Kati ya taarifa ile na tukio lenyewe hupita dakika chache, na siku mbaya hazifiki. Mgonjwa mwingine huhisi amebanwa hata pale ambapo utumbo hauna kitu, akaenda chooni akakamua na kuambulia ute na damu, akatoka, akarudi.

Sasa mwambie mtu huyu ajiandae. Ameshakwenda kabla ya kutoka. Alikwenda mara mbili. Kinachomsukuma ni uvimbe, na uvimbe hauishi kwa kwenda haja. Ukimwacha Kimara unampata tena Magomeni. Vipimo vya ukali vya ugonjwa huu vilivyotungwa na madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, mwaka 1955, na ambavyo vingali vinatumika, huanza kwa kuhesabu: anayepata choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, akaongezewa homa, mapigo ya moyo ya kasi au upungufu wa damu, huhesabiwa kuwa na hali kali. Mara sita zote hazitokei alfajiri kabla ya kupanda daladala.

Kuna maana ya pili ya kujiandaa, ambayo washauri wetu hawaitaji kwa sababu hawaijui. Kujiandaa kwa kweli, kwa mgonjwa wa Dar es Salaam, ni kutokula. Ni kutoka nyumbani bila chai, kupitisha mchana kwa njaa, kujinyima maji katika jiji lenye joto kama hili, kisha kula mlo mmoja usiku mlango wa choo ukiwa karibu. Mwili ambao tayari unapoteza damu na maji unanyimwa na chakula. Wengine hununua vidonge vya kufunga choo, loperamidi, na kuvimeza kama peremende. Kolaitisi ikiwa kali, dawa hizo zinaweza kuchangia utumbo mpana kupooza na kuvimba kwa hewa, hali inayompeleka mtu chumba cha upasuaji. Hayo ndiyo matunda ya ushauri ule mpole. Shangazi hakukusudia mabaya, najua, lakini nasaha isiyojua ugonjwa ni hatari hata ikitolewa kwa mapenzi.

Nikifika hapa huwa naambiwa kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Ni kweli kwamba ugonjwa wa Crohn, ndugu wa kolaitisi, ulielezwa New York mwaka 1932 na Burrill Crohn na wenzake wawili, na kwamba Ulaya na Marekani Kaskazini ndiko unakojulikana zaidi. Lakini makadirio ya mwaka 2017 yaliweka wagonjwa wa magonjwa haya ya utumbo duniani kuwa milioni 6.8, na ongezeko jipya linaonekana katika nchi ambazo miji yake inakua haraka, Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Kwetu hawaonekani kwa sababu hatuwatafuti. Ili ugonjwa huu uthibitishwe, mtu aingizwe kamera utumboni na kipande cha nyama kipelekwe maabara, na huduma hiyo iko kwenye hospitali chache za mijini. Aliye nje ya uwezo huo atatibiwa amiba, kisha taifodi, kisha amiba tena. Akitoa damu ataambiwa ni bawasiri, na muuza dawa za asili atakuwa na chupa yake tayari. Aliye na Crohn huenda akaanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tumbo, maana magonjwa hayo mawili yanafanana hata machoni pa mtaalamu. Wako wangapi? Idadi ya wasiopimwa haisomeki kwenye rejista.

Na hata tungekuwa wachache kama wanavyodai, mlango tunaougonga hatuugongi peke yetu. Yupo mjamzito ambaye mtoto amemkalia kwenye kibofu. Yupo mzee mwenye tezi dume, mwenye kisukari, mama aliyeponea chupuchupu kwenye uzazi akabaki na fistula, mtu aliyefanyiwa upasuaji na sasa anavaa mfuko tumboni unaotakiwa kumwagwa na kusafishwa mara kadhaa kwa siku. Yupo mtoto wa miaka minne. Hakuna hata mmoja kati yao anayesaidiwa na maneno "ungejiandaa".

Sasa hesabu. Tembea kutoka Mnazi Mmoja, shika Samora mpaka Posta, uhesabu majengo. Benki, ofisi za bima, maduka ya simu, migahawa, hoteli, idara za serikali, makanisa, misikiti. Halipo hata moja ambalo watu hushinda humo tangu asubuhi mpaka jioni bila choo; wanaofanya kazi humo nao wana matumbo. Mtaa mmoja wa katikati ya jiji una matundu ya choo mengi kuliko kijiji kizima. Halafu simama mlangoni uulize. Majibu ni matatu, na mlinzi huyachagua kwa kukutazama viatu. "Dada, choo ni cha wafanyakazi." "Choo kibovu." "Maji yamekatika." Siku nyingine utayasikia yote matatu kwenye mlango mmoja, huku ukimwona kijana wa ndani akitoka mle chooni akijifuta mikono. Geuza macho ukutani na utakuta maandishi ya rangi nyekundu: Usikojoe hapa, faini 50,000. Jiji linajua kabisa ni wapi hatutakiwi kwenda. Maandishi yanayotuelekeza pa kwenda ndiyo adimu.

Mlinzi simlaumu sana. Ameambiwa na bosi, na bosi ameambiwa na mawazo ya jumla kwamba choo ni sehemu ya siri ya biashara, kama sanduku la pesa. Mawazo hayo si ya kweli hata kisheria. Mgahawa haupati kuendesha shughuli zake kabla bwana afya hajaukagua, na kimoja anachokagua ni choo. Kile choo, basi, umma ulikidai kabla ya sahani ya kwanza ya pilau kuuzwa. Mwenye mgahawa alikijenga kwa pesa yake, sikatai, lakini alikijenga kwa sababu sisi wengine, kupitia sheria zetu, tulikataa afungue bila hicho. Anaposema ni chake peke yake, anasahau nusu ya historia ya tundu lile.

Kuna wanaojiona wakarimu: karibu utumie choo, lakini nunua kitu kwanza. Ninawaomba wajifunze kidogo kuhusu matumbo. Chakula kikitua tumboni, utumbo mpana hupata amri ya kujikaza na kusukuma kilicho mbele ili kupisha kinachokuja. Ni jambo la kawaida kwa kila binadamu. Ndiyo maana wengi huenda haja baada ya chai ya asubuhi. Kwa mwenye kolaitisi amri hiyo huja kwa fujo. Mtu amebanwa, wewe unamwambia aagize chai ya rangi na chapati, asubiri iletwe, aanze kuila, ndipo apewe ufunguo. Huwezi kubuni masharti mabaya zaidi ya hayo hata ukikusudia ukatili. Ningefurahi kulipa bila kula. Lakini ukiiweka noti mezani na kusema sitaki chai, nataka choo, mhudumu hukutazama kana kwamba umemtukana.

Vipo vya kulipia, tunaambiwa. Stendi, sokoni, Kariakoo, kwenye vituo vikubwa: mia mbili, mia tatu, mia tano. Mimi ni mtetezi wa vyoo vya kulipia kwa kiasi fulani, kwa sababu naviona vikiwa na maji na mtu wa kuvisafisha, na yule mama anayekaa mlangoni na kopo la sarafu anafanya kazi ya heshima ambayo jiji zima linamdai shukrani. Nairobi iliwahi kupata vyoo vya Ikotoilet vya David Kuria, vikaonyesha kwamba choo cha kulipia kinaweza kuwa safi, kikawa na hata mtu wa kung'arisha viatu. Tatizo ni kwamba bei ile imepangwa kwa tumbo linalokwenda mara moja. Chukua mfanyabiashara ndogondogo anayekwenda mara nane kwa mia tatu: ni shilingi 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi. Kuna watu wanaolipa kodi ya chumba kwa pesa hizo. Ugonjwa umemtoza damu, na jiji linamtoza kodi ya kila tone.

Halafu kuna chenji. Anayecheka hajawahi kusimama mbele ya choo cha kulipia na noti ya elfu kumi wakati kopo la mama lina sarafu tupu. "Nitafutie ndogo, mwanangu." Niitafute wapi, na kwa miguu gani? Siku hizi baadhi wamebandika namba ya kulipia kwa simu, maendeleo makubwa, isipokuwa kwamba kubonyeza nyota, namba ya kampuni, kiasi na neno la siri huku umekunja magoti ni mtihani ambao hakuna mhandisi wa simu aliyeufikiria.

Nani basi ametuokoa miaka yote hii? Nasema wazi, misikiti. Kama kuna mtandao wa vyoo vya umma katika pwani yetu, kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja, Dar na Kilwa, ni ule uliojengwa na waumini kwa sadaka na wakfu, kwa sababu sala inataka udhu na udhu unataka maji. Kuna maji ya kutosha, kuna kopo, kuna mlango unaofungwa, na kwa kawaida hakuna anayekuuliza dini yako. Hakuna halmashauri iliyofikia rekodi hiyo. Lakini hata hapa pana mipaka yake. Misikiti mingi mijini siku hizi hufungwa kati ya sala na sala kwa kuogopa wezi wa mabomba na viatu. Na mingi haina upande wa wanawake, au unao nyuma ya geti lenye kufuli. Mwanaume aliyebanwa Kariakoo saa nane mchana ana tumaini la msikiti. Mwanamke aliyebanwa pale pale anaangalia huku na huku. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba tumeiachia nyumba ya ibada mzigo wa jiji zima, kisha tunasema tatizo halipo.

Barabarani ni balaa jingine. Kwenye mabasi ya mikoani bado tunachimba dawa: basi linasimama porini, wanaume kulia, wanawake kushoto nyuma ya vichaka, konda anapiga honi. Kwa haja ndogo watu wameshazoea. Kwa mwenye kolaitisi, kusimama kwa basi ni hisani inayoombwa kwa kupita katikati ya viti ukiwa umejishika, ukimbembeleza dereva mbele ya abiria hamsini. Na si kila mahali basi linaweza kusimama. Barabara ya Iringa na Mbeya hupita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na huko hushuki, kuna tembo na kuna simba, na sheria za hifadhi haziangalii tumbo. Mabasi ya kifahari yanajitangaza kwa maandishi "choo ndani", nasi tunalipa nauli ya juu kwa ajili ya maneno hayo mawili. Ukishakaa unaambiwa ni cha haja ndogo tu, au kimejaa mizigo ya konda. Nimeyaona maboksi ya vifaranga humo.

Tangu reli ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nimesikia watu wakiisifia kasi. Mimi nasifia choo kilichomo kwenye behewa. Wapo wagonjwa wanaoweza kwenda kuzika ndugu Dodoma bila kufunga kula tangu jana yake. Kile choo hakikuhitaji mjadala wa maadili ya abiria kujiandaa. Mtu aliyenunua behewa alijua kwamba watu watakaa humo saa tatu na zaidi, akaweka choo. Basi la safari ya saa kumi lingeweza kufikiriwa hivyo hivyo.

Hoja nzito ya wapinzani wangu ni ya uchafu na usalama. Ukifungua choo kwa kila mpita njia, wanasema, kesho utakuta sabuni imeibwa, bomba limevunjwa, na kuna mtu amejifungia ndani na madawa. Hoja hii naiheshimu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Choo kisicho na msimamizi huharibika. Ila haiishii pale wanapotaka iishie. Kuna nchi zilizoijibu kwa sheria, na majibu yao tunaweza kuyapima.

Jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha mwaka 2005 sheria inayojulikana kwa jina la Ally Bain, msichana mwenye ugonjwa wa Crohn aliyekataliwa choo cha wafanyakazi katika duka kubwa akiwa na miaka 14, na akapatwa na aibu ambayo kila mmoja wetu anaiogopa. Sheria inataka duka ambalo halina choo cha umma limruhusu mteja mwenye ugonjwa wa aina hii kutumia cha wafanyakazi. Haimlazimishi mwenye duka kujenga chochote wala kubadilisha ramani. Inampa pia haki ya kukataa pale ambapo kumruhusu mteja kunahatarisha usalama wake au wa duka, na anayevunja hutozwa faini isiyozidi dola 100. Majimbo mengine mengi yamefuata. Maduka ya Illinois hayajafungwa kwa sababu ya wizi wa sabuni.

Wapo wanaosema sheria ya nini, tuwahimize wafanyabiashara wawe na utu. Utu ni mzuri, lakini kinachotolewa kwa hiari hurudishwa kwa hiari. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Starbucks, baada ya fedheha ya wanaume wawili weusi kukamatwa katika tawi lake la Philadelphia wakiwa hawajanunua kitu, ilitangaza kwamba vyoo vyake Marekani viko wazi kwa kila mtu.  Januari 2025 kampuni ikageuza: anayetaka kutumia choo anunue. Hakuna aliyevunja sheria, kwa kuwa sheria haikuwepo. Uingereza nayo isiwe kioo chetu: sheria yake ya afya ya jamii ya mwaka 1936 huzipa halmashauri uwezo wa kujenga vyoo vya umma bila kuzilazimisha, na bajeti zilipobanwa halmashauri zilianza kufunga hapo hapo, kwenye kile ambacho hazikulazimishwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ujerumani, na si wa kifahari hata kidogo. Mji mdogo wa Aalen, tangu mwaka 2000, ulikaa na wenye migahawa na maduka ukawaambia: fungueni vyoo vyenu kwa yeyote, bila kununua, nasi halmashauri tutawalipa kiasi cha kusaidia usafi. Anayekubali hubandika mlangoni kibandiko chenye uso wa tabasamu. Halmashauri huokoa gharama ya kujenga na kulinda vyoo vyake yenyewe, mwenye mgahawa hupata wapita njia wanaoweza kurudi kama wateja, na mgonjwa haulizwi neno. Miji mingi ya nchi ile imeiga. Hoja ya uchafu imejibiwa humo: choo kina mwenyewe, kina msafishaji, kina malipo. Tofauti na kopo la mama wa Kariakoo ni mahali pesa inapotoka. Haitoki kwa aliyebanwa.

Hapa nitawaudhi hata wagonjwa wenzangu. Kuna wanaotaka tuwe na kadi ya mgonjwa, kama zinazotolewa na vyama vya wagonjwa Uingereza na Australia, ya kumwonyesha mlinzi kwamba mwenye kadi hawezi kusubiri. Mahali ambapo watu huheshimu karatasi, ni msaada. Kwetu naijua safari ya kadi hiyo. Mlinzi ataisoma, ataigeuza, atauliza mbona haina muhuri, atampigia msimamizi, msimamizi atasema aje na barua ya daktari. Muda wote huo foleni inasikiliza habari za utumbo wangu. Watu wetu wanathamini sitara, na wapinzani wangu huitumia sitara hiyo kutunyamazisha: mambo ya chooni hayasemwi hadharani. Sawa, nisiyaseme. Basi nisilazimishwe kuyaeleza getini ili nipite. Mlango unaofunguka kwa wote bila maswali unamsitiri mtu kuliko kadi yoyote, na humsitiri pia yule ambaye bado anatibiwa amiba na hatapewa kadi maisha yake yote.

Nimeambiwa pia kwamba nchi yenye matatizo makubwa haina nafasi ya jambo hili. Nchi hii hii, mwaka 1973, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusoma, watu karibu milioni mbili wakashiriki, vijiji vikachimba vyoo kwa maelfu. Mwaka 2017 tukapewa kampeni ya Nyumba ni Choo, na msanii Mrisho Mpoto akatuhubiria kuhusu choo bora hadi watoto wakakariri. Serikali yetu haijawahi kuona haya kuzungumza choo, na kwa hilo imezishinda nyingi. Imekomea kwenye uzio wa nyumba. Mtu hashindi nyumbani kwake mchana kutwa. Wengi wetu tunatoka alfajiri na kurudi usiku. Majirani zetu Wakenya waliandika katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010 haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Katiba yetu ya 1977 haina maneno hayo. Lakini hatuhitaji kusubiri Katiba mpya ili mlango ufunguliwe. Angalia maegesho. Anayeomba kibali cha kujenga ghorofa mjini huulizwa magari yatakaa wapi, na mtaani kuna vijana wenye mashine wanaohesabu kila gari lililosimama. Tumejua kudai nafasi ya gari kwa mwenye jengo, tukaona ni haki. Mwenye gari akishuka, nafasi yake imeisha.

Madai yangu kwa hiyo ni madogo kiasi cha kutia aibu. Halmashauri za jiji na manispaa zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Ziandike kwamba mgahawa, kituo cha mafuta, benki na duka kubwa, leseni yake inapohuishwa, choo chake kiwe wazi saa za kazi kwa anayeomba, bila kununua na bila kueleza sababu, na kwamba atakayekubali kubandika alama barabarani apunguziwe ada ya leseni. Mwenye basi aliyeandika "choo ndani" akaguliwe na wale wale wanaokagua matairi. Misikiti na makanisa yatakayokubali kufungua kati ya ibada, na kuweka upande wa wanawake, yasaidiwe bili ya maji.

Na kabla ya kumgusa mfanyabiashara yeyote, serikali ianze na vyoo vyake. Ofisi ya mtendaji wa kata ina choo. Mahakama ya mwanzo ina choo, posta ina choo, ofisi ya ardhi, ya maji, ya kodi, ya manispaa yenyewe. Ujenzi wa vyote hivyo ulilipwa kwa kodi zetu, msafishaji wake analipwa kila mwezi, na ufunguo uko kwenye droo ya sekretari aliyekwenda chakula cha mchana. Waraka mmoja wa mkurugenzi unatosha, tena mfupi: kuanzia Jumatatu, makufuli ya vyoo vya ofisi za umma yatolewe.